Shamba Lililonunuliwa Wakati wa Vita

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya wakimbizi katika mkutano wa sala na kumbukumbu, Zone Industrielle, Bujumbura. Yamechapishwa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa ajili ya wenzetu wa kambini ambao hawakupata nafasi ya kufika.

  

Tunaanza kwa shukrani. Tunawashukuru ndugu wa hapa mjini waliotufungulia uwanja huu siku ya Jumapili, wakati magari ya mizigo yamelala. Sisi wa kambini tulianza safari jana alfajiri, kila mmoja na karatasi yake ya ruhusa mfukoni. Mmetupokea kwa uji na kwa mikeka. Mungu awarudishie.

Tumekutana mahali pakavu. Hatusemi hivyo kwa dharau. Vijana wetu wanapajua hapa kuliko sisi wazee. Wanafika asubuhi kungoja kazi ya kupakia na kupakua magunia, na siku nyingine wanarudi jioni bila kazi na bila nauli. Hapa kuna kuta ndefu, mageti ya chuma, mabati yanayochoma, na ardhi iliyokunywa mafuta ya magari miaka mingi hata majani yanaota kwa shida. Siku za jua ni vumbi, siku za mvua ni tope. Ng'ambo ya mto Ntahangwa kuna Buyenzi, ambako Kiswahili kinasikika kila mlango. Ziwa Tanganyika haliko mbali, lakini ukisimama hapa hulioni. Unaona ukuta.

Jana mzee mmoja alituuliza: "Kwa nini sala ya kuwakumbuka wafu wetu ifanyike hapa? Kwa nini si kanisani, au kando ya ziwa penye upepo?" Tulimjibu kwamba hapa ndipo tulipopewa nafasi bila kulipa. Hilo lilikuwa jibu la kweli, lakini usiku tuliendelea kuliwaza swali lake. Tukakumbuka kwamba Musa aliitwa akiwa mchungaji wa mifugo ya mkwewe, katika nchi ya ugeni, jangwani. Eliya alilala chini ya mti akiomba afe, na pale pale akaletewa mkate na maji. Yohana alihubiri nyikani. Bwana wetu mwenyewe alikaa siku 40 mahali pasipo chakula kabla ya kuanza kazi yake. Basi tukaona kwamba hatujakosea mahali.

Wenyeji wa mji huu nao wanaujua ukame, na hatukuja kuwafundisha. Ninyi mlipita katika vita vilivyoanza Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Mnakumbuka kartie za kaskazini ya mji zilivyotengana, jirani akamwogopa jirani. Mnakumbuka vikwazo vya biashara vilivyowekwa na nchi jirani kuanzia 1996 hadi 1999, bidhaa zikapanda bei, na viwanda kama hivi vilivyotuzunguka vikayumba. Mnakumbuka pia COTEBU, kiwanda cha nguo ambacho vitenge vyake vilivaliwa Burundi nzima. Kilisimama katika miaka ya 2000, na watu wengi wakapoteza kazi. Baadaye mashine zikawashwa tena kwa jina jipya la Afritextile. Hatusemi kwamba mashine kuwaka ndiyo Injili. Tunasema tu kwamba wenyeji wetu wanajua maana ya kupita kila siku mbele ya geti lililofungwa.

Sasa tuwakumbuke wafu wetu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, mwendo mfupi kutoka hapa kwenda mpakani, watu waliokuwa wamekimbia vita vya Kivu ya Kusini katika Juni ya mwaka uleule walivamiwa ndani ya mahema yao. Zaidi ya watu 150 waliuawa. Wengi wao walikuwa Banyamulenge, na pamoja nao watu wa makabila mengine. Walikuwamo akina mama na watoto wadogo. Walikuwa wamevuka mpaka wakidhani kwamba mpaka utawalinda.

Katika mkutano huu kuna watu waliopoteza ndugu usiku ule. Kuna na wengine waliopoteza ndugu Fizi, Itombwe, Uvira, Bukavu, Rutshuru, njiani, majini, porini, katika siku ambazo hazikuandikwa na gazeti lolote. Tunawakumbuka wote. Hatutauliza leo wa kabila gani amelia zaidi. Na jambo moja tunataka lisikike wazi: hatuna haki ya kusema kwamba wale walikufa ili sisi tujifunze jambo fulani. Tumesikia mahubiri ya namna hiyo, na yamewaumiza watu. Walikufa kwa sababu waliuawa. Mungu hakuwa upande wa waliochoma mahema. Tukisema neno la tumaini, tulisemee mbele ya makaburi yao, na liwe neno ambalo hatutaona aibu kulisema wakiwa wanatusikia.

Kisha kuna ukame wa sasa. Mnaujua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimemaliza vipimo na mahojiano zikaambiwa hakuna ndege. Februari mwaka huohuo vita vilifika Bukavu, na katika wiki chache zaidi ya watu elfu 60 walivuka kuingia Burundi, wengine kwa kuupita mto Rusizi kwa miguu. Wengi walilala uwanjani Rugombo chini ya mvua, na baadaye wengine wakapelekwa Musenyi, upande wa Rutana. Machi 2025, kwa sababu watu waliongezeka na fedha zilipungua, PAM ilikata posho ikawa nusu. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira, na watu kwa maelfu wakapita tena njia ileile ya Gatumba, mbele ya wafu wetu, wakiwa na magodoro kichwani.

Mbele ya mambo hayo, Mkristo aseme nini?

Kwanza sisi wa kamati tuna neno la kuungama. Miaka iliyopita, tulipoona watu wamechoka, tuliwaambia kwamba ndege zinakuja. Tulilisema kwenye mikutano, na wengine wetu tulilisema kanisani, tukaliita tumaini. Familia moja tunayoifahamu iliuza mbuzi wake, ikauza masufuria na jembe, kwa sababu tuliwaambia kwamba huko waendako hawatahitaji jembe. Leo familia hiyo inaazima sufuria kwa jirani. Baba wa nyumba hiyo yupo hapa, na amekubali tuyaseme haya bila kumtaja jina. Ndugu yetu, tulikosa. Tulichukua habari tusizokuwa na uhakika nazo, tukazivika vazi la imani. Tunakuomba msamaha mbele ya watu wote.

Tulifikiri kwamba tumaini ni kumwambia mtu jambo zuri litakalompata yeye, na siku litakapompata. Tukasema baada ya dhiki faraja, tukasema subira yavuta heri. Methali hizo ni za wahenga na zina kweli yake, lakini tulizitumia kama mtu anayempa mgonjwa maji ya sukari badala ya dawa. Ndipo mama mmoja akasimama mkutanoni akasema: "Mimi nimeacha kuomba. Sitaki kudanganywa tena, wala na watu wala na Mungu." Hakuna aliyemjibu. Maneno ya leo ni jaribio letu la kumjibu, kwa kuchelewa.

Mama, tunaanza na mama mwenzako. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, Hajiri anafukuzwa pamoja na mtoto wake. Anapewa mkate na kiriba cha maji, basi. Anatangatanga katika jangwa la Beer-sheba mpaka maji yanakwisha. Anamlaza mtoto chini ya kijiti, anakwenda kukaa mbali kiasi cha mtupo wa mshale, kwa sababu hawezi kumwona mwanawe akifa. Analia. Mama yeyote aliyevuka Rusizi na mtoto mwenye homa mgongoni haihitaji hadithi hiyo ifafanuliwe.

Angalieni mambo matatu hapo. Mungu hakumkemea Hajiri kwa kulia, wala hakumwuliza imani yake iko wapi. Tena, Maandiko yanasema Mungu aliisikia sauti ya mtoto. Yeye mama hakuwa na sala ya kusema, lakini kilio cha mtoto kilihesabiwa kuwa sala. Tatu, macho yake yalifumbuliwa akaona kisima, na mara akainuka kufanya kazi: akajaza kiriba, akamnywesha kijana. Jangwa halikugeuka kuwa bustani siku ile. Hajiri alibaki jangwani, na mtoto akakulia huko. Alichopata ni maji ya siku ile na nguvu ya kumshika mtoto mkono.

Basi, mama, kama huwezi kuomba, usijilazimishe. Sisi tutakuombea, na kilio cha watoto wako kinasikika. Tunachokuomba ni hiki tu: usikae peke yako mbali kiasi cha mtupo wa mshale. Rudi ukae nasi.

Sasa tuje kwenye shamba.

Nabii Yeremia, katika sura ya 32 ya kitabu chake, amefungwa katika uwanja wa walinzi huko Yerusalemu. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli. Njaa imeingia. Yeye mwenyewe ametabiri kwamba mji utatekwa, na kwa sababu ya kusema hivyo amewekwa kifungoni. Wakati huo binamu yake Hanameli anamjia akitaka kumwuzia shamba lililoko Anathothi, kijiji chao, katika nchi ya Benyamini.

Ndugu zangu wakulima, fikirini biashara hiyo. Jeshi la adui limeshaingia nchini. Mwuzaji bila shaka anahitaji fedha kuliko udongo. Mnunuzi yuko kifungoni, hana mke wala mtoto wa kumrithi, na anajua kwa hakika kwamba nchi itachukuliwa. Nani kati yetu angenunua shamba Minembwe au Rutshuru kwa masharti hayo?

Yeremia alinunua. Alipima fedha shekeli 17, si fedha za maneno bali fedha za kweli, kwenye mizani. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Akampa Baruku, mwandishi wake, hati zote mbili, ile iliyotiwa muhuri na ile iliyo wazi, akamwambia aziweke katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Sisi tunaelewa jambo hilo kuliko wasomaji wengi wa Biblia. Ni nani hapa hana karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, amezifunga kwenye nguo, amezivusha mtoni juu ya kichwa? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, diploma ya ualimu, hati ya shamba, picha moja ya harusi. Chombo cha udongo cha Baruku na mfuko wetu wa plastiki ni ndugu.

Na baada ya kununua, Yeremia alifanya nini? Je, alicheza kwa furaha? Hapana. Aliingia katika maombi, na katika maombi hayo anamwuliza Mungu, kwa heshima lakini waziwazi, jambo hili lina maana gani wakati mji uko mikononi mwa Wakaldayo. Alitenda kwanza, mashaka yakaja baadaye, na Mungu hakumkataa kwa ajili ya mashaka hayo. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba tumaini si hali ya moyo. Moyo hupanda na kushuka kama bei ya mihogo. Tumaini ni kazi unayoifanya leo mahali pakavu, ambayo haina maana yoyote isipokuwa Mungu ana kesho kwa ajili ya watu wake.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, ya manabii. Basi tuwape habari ya nchi hii. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, upande wa Bururi, watu wenye silaha waliingia mabwenini mwa wanafunzi. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale walikataa kutengana. Wanafunzi 40 waliuawa. Mkuu wa seminari wakati ule alikuwa Padri Zacharie Bukuru, naye pamoja na walimu walikuwa wamefanya kazi kwa muda mrefu, tangu vita vilipoanza, kuwafundisha vijana hao kuishi pamoja, kuzungumza bila kuficha, kusali na kucheza pamoja, wakati nje ya ukuta nchi ilikuwa inagawanyika.

Vijana wale hawakuivuna amani. Hawakuona Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Hawakuoa, wala hawakupadirishwa. Lakini neno lao moja, la kukataa kutengana, lilikuwa shekeli 17. Walinunua shamba ambalo wengine wanalitembelea mpaka leo kusali. Sisi tunaoishi kambini, ambamo Mbembe, Mfuliiru, Munyamulenge, Mushi na Muhutu wa Rutshuru wanachota maji bomba moja, tuliangalie shamba hilo vizuri. Siku tunapogombana kwenye foleni ya maji na mtu akaanza kutaja makabila, siku hiyo ndipo tunapoulizwa swali la Buta. Bunduki haipo, lakini swali ni lilelile.

Sasa tuwaambie wenzetu wa mjini jambo lililotokea kambini. Posho ilipokatwa, fedha kidogo za motisha kwa walimu wa masomo ya jioni nazo zilikwisha. Tulikutana kamati nzima kuamua kama tufunge darasa. Mkutano ulikuwa mkali. Baba mmoja alisema: "Mtoto mwenye njaa hasomi. Mwacheni aende akatafute kibarua." Mwingine alisema: "Tunawasomesha waende wapi? Congo hakuna, Amerika hakuna, hapa hakuna kazi." Hatukuwa na jibu la kuwanyamazisha, na mpaka leo hatuna. Waliyosema ni kweli.

Ndipo mwalimu mmoja akasema ataendelea mpaka mwisho wa mwezi, kisha tuone. Mama mmoja akaleta kikombe cha maharage kutoka kwenye nusu yake, akakiweka mezani, akasema hicho ni cha mwalimu. Hakusema neno lingine. Kwa mwezi ule wazazi waliweza kuleta vikombe vichache, si wote. Wengine walitaka wakashindwa, na hatukuandika majina ya walioshindwa. Akina mama wa likelemba walikubali zamu moja ya mwezi ipite kwa darasa. Mwalimu mmoja aliondoka, hatumlaumu, ana watoto. Watoto wengine wameacha kuja, na tunajua walipo: baadhi wako hapa hapa Zone Industrielle, wanasubiri magunia. Darasa liko wazi, dogo kuliko lilivyokuwa. Hatuwezi kuwaahidi kwamba litakuwapo mwaka ujao.

Lakini tunawaomba mkiangalie kikombe kile. Yule mama hakujua kama mtoto wake atafika darasa la sita. Hakuna aliyemwahidi kitu. Alipima maharage yake kama Yeremia alivyopima fedha, na jioni ile, ndani ya banda la shitingi lenye taa moja, watoto walifundishwa kuhesabu. Tukiulizwa na wageni, tumaini la Kikristo kambini liko wapi, hatutawaonyesha kwaya kwanza, ingawa kwaya yetu ni nzuri. Tutawaonyesha kikombe.

Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, tuna maneno mawili kwenu, na tunayasema kwa upendo. Tunajua kwamba ninyi pia mlipata msimu wenu wa kiangazi. Mwaka 2025 wengi wa wenzenu walipoteza kazi, na waliobaki walibebeshwa kazi za watatu. Wengine wenu mmesimama mbele yetu kutangaza makato ambayo hamkuyaamua, mkatukanwa kwa ajili yake. Mtusamehe kwa hilo.

Neno la kwanza: mtuambie ukweli mapema, hata ukiwa mchungu. Tukijua mwezi mmoja kabla kwamba posho itapungua, tutapanda lengalenga kando ya kibanda, tutapunguza mlo mmoja polepole, hatutauza jembe. Neno zuri lisilo na uhakika linatuvunja kuliko neno baya la kweli. Sisi wenyewe tumekiri kosa hilo leo. Msilirudie.

Neno la pili: msichukue tumaini letu mkaliweka mahali pa chakula. Wageni wanakuja, wanapiga picha tukiimba, wanaandika kwamba wakimbizi wana moyo wa ajabu. Ndugu, mtu akiimba si kwamba ameshiba. Eliya aliletewa mkate halisi, na Hajiri alionyeshwa maji halisi. Mungu wa Biblia hakuwapa watu wa jangwani mahubiri matupu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa wengine miaka 20 na zaidi. Tunaliomba jembe: kipande cha ardhi cha kulima, ruhusa ya kutembea kutafuta kazi, na karatasi zinazokubaliwa. Hilo pia ni tumaini, na ninyi mnaweza kulipeleka mbele kwa wakubwa wenu.

Tunamaliza kwa Yeremia, maana habari yake haikuishia kwenye chombo cha udongo.

Mji ulitekwa, kama alivyosema. Baadaye, katika sura ya 43, viongozi waliobaki wakakimbia kwenda Misri, na wakamchukua Yeremia pamoja nao, ingawa alikuwa amewashauri wasiende. Nabii akawa mkimbizi. Tunamwona mara ya mwisho huko Misri, nchi ya ugeni, na hakuna mahali popote Biblia inaposema kwamba alirudi. Shamba alilolipia shekeli 17, hatusomi kwamba alikula hata kibaba kimoja cha mavuno yake. Kama tumaini lingekuwa ni jambo jema litakalotupata sisi wenyewe katika siku zetu, basi Yeremia alipata hasara.

Lakini fungueni kitabu cha Ezra, sura ya pili. Sura hiyo watu huiruka, kwa sababu ni orodha tu. Sisi tusiiruke. Sisi tunajua orodha ni nini. Tumesimama juani kungoja jina lisomwe. Tumeona uchungu wa kutoona jina lako. Ezra anaandika orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni, ukoo kwa ukoo, kijiji kwa kijiji, na idadi yao. Katika mstari wa 23 kuna watu wa Anathothi. Idadi yao ni 128.

Ndugu, ni watu 128 tu. Hao ni wachache kuliko wafu wa Gatumba. Si umati mkubwa, wala si ushindi wa kupigiwa tarumbeta. Lakini ni kijiji cha Yeremia. Miaka mingi baada ya mzee yule kupima fedha yake kifungoni, watu 128 walitembea kurudi mahali palipo na shamba lililonunuliwa. Bila shaka wengi wao walizaliwa ugenini, hawakuwahi kuiona Anathothi kwa macho yao. Lazima kulikuwa na mama aliyewafundisha jina la kijiji. Lazima kulikuwa na mtu aliyewafundisha kuhesabu.

Basi turudi nyumbani, wengine kambini, wengine Kamenge, Kinama na Buterere, na kila nyumba ifanye jambo moja. Mwandikishe mtoto aliyezaliwa, msiseme tutamwandikisha tukirudi. Mfundisheni jina la kijiji chenu na jina la mto wake. Tunzeni karatasi zenu mahali pakavu. Pandeni hata kama ardhi si yenu, maana njaa haiulizi ardhi ni ya nani. Msiwafundishe watoto jina la kabila la adui. Na aliye na kikombe, apime kikombe. Asiye nacho, aje akae nasi tu.

Kristo Bwana wetu alizikwa katika kaburi la kuazima, ndani ya mwamba, na akina mama waliokwenda pale asubuhi hawakwenda kwa sababu walikuwa na matumaini. Walikwenda kwa sababu kulikuwa na kazi ya kufanya: kumpaka marehemu manukato. Walikuta jiwe limeondolewa. Hatuwezi kuwaambia jiwe letu litaondolewa lini. Tunawaambia tu kwamba akina mama wale walikutwa njiani, na manukato mikononi.

Wafu wetu walale kwa amani. Mungu aibariki Burundi iliyotupokea, aihurumie Congo yetu, awabariki majirani wa Zone Industrielle na kila atakayesoma maneno haya. Amina.